Kisanduku cha Tano

Muulize mwanamke kama ameolewa, na kama hajaolewa atakujibu "bado." Awe na miaka kumi na minane au awe na sabini na meno yake yamebaki ya kuhesabika, jibu ni hilo hilo. Hakuna anayesema "hapana." Hapana ni jibu la mkorofi, mtu aliyefunga mlango na kutupa ufunguo. Bado ina adabu zake. Inamwachia muulizaji tumaini, aende nalo nyumbani kwake akalilee.

Shangazi alikuwa amelijibu swali hilo kwa adabu kwa miaka ishirini na zaidi, na sasa alikuwa na arobaini na minne. Jina la Shangazi alipewa na watoto watatu wa kaka yake. Watoto wa majirani wakalidaka, mama zao wakafuata, na mwishowe hata wazee wa kanisa wenye mvi, ambao wangeweza kabisa kumzaa, walimwita Shangazi bila haya.

Kazi yake ilikuwa kwenye duka la uchapaji. Lilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya wino, kompyuta mbili, mashine ya kuchapa iliyokohoa kabla ya kuanza, na mashine ya kukatia karatasi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Shangazi alipanga kurasa na kusoma prufu, zile nakala za kukagulia makosa kabla ya kuchapa. Kadi za harusi za nusu ya mji zilipita mikononi mwake. Alijua ni nani hawezi kuandika sawasawa jina la mkwe wake, na ni maharusi gani wameahirisha mara tatu huku wakisingizia ukumbi. Kosa la herufi aliliona kwa mbali, kama mama anavyoiona kamasi ya mwanawe. Ila alikuwa na sheria yake: anasahihisha herufi, hasahihishi maana. Mteja akitaka kuchapiwa upuuzi, atachapiwa upuuzi wake vizuri, umenyooka pande zote.

Sheria hiyo ndiyo iliyomponza siku Katibu wa kanisa alipoleta fomu.

Katibu alikuwa mtu mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ya bluu na moja nyekundu, na hakuna aliyewahi kumwona akisita ni ipi ya kuchukua. Alitandaza karatasi yake mezani akaisawazisha kwa viganja.

"Tunaandikisha waumini upya," alisema. "Watu wamekaa hovyo hovyo. Kwenye Kwaya ya Vijana kuna watu wana vipara, Shangazi. Vipara!"

Shangazi, aliyekuwa akiongoza alto, sauti ya pili ya wanawake, kwenye Kwaya ya Vijana tangu akiwa na miaka ishirini na miwili, alijigusa kitambaa kichwani bila kutaka. Kisha akasoma. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya ubatizo. Halafu: Hali ya ndoa. Chini yake visanduku vitano vya kuweka alama ya vema. Nimeoa. Nimeolewa. Mjane. Mgane. Bado. Na chini zaidi, makundi: Akina Baba ni waliooa na wagane, Akina Mama ni walioolewa na wajane, Vijana ni walio bado, mwisho miaka thelathini na mitano.

"Katibu, Vijana mwisho thelathini na mitano?"

"Tumekaa kikao, tukapitisha."

"Na Akina Mama ni walioolewa na wajane peke yao."

"Hasa."

"Sasa aliyevuka thelathini na mitano, na bado, anakwenda wapi?"

Katibu aliichukua karatasi akaisoma kana kwamba kaiandika mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya, tumpe haki yake. Alikuwa amekaa kikaoni saa tatu na wenzake saba, wote wana pete vidoleni, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Ubaya angalau unakufikiria. Hawa walikuwa wamesahau tu.

"Huyo," alisema mwishowe, kwa upole kabisa, "tutamwombea."

Shangazi alichapa nakala mia sita. Kisanduku cha Bado alikipanga sawa na vingine, hakikuzidi wala kupungua hata unywele. Alipomaliza alizifunga kwa kamba, akaenda nyuma ya duka, akalia kidogo karibu na ndoo ya vipande vya karatasi, akanawa uso, akarudi kusoma prufu ya kadi ya harusi.

Ukitaka kujua alikuwa analia nini, ni hiki: kiti chake. Kiti cha mwisho kulia, safu ya pili. Ijumaa jioni mazoezini, sauti nne zilipokutana na ya kwake ikapata mahali pake katikati, Shangazi hakuwa bado wa mtu yeyote. Alikuwa amefika. Kwa fomu hii, Jumapili ya pili ya mwezi uliofuata watu wangekaa kwa makundi, na yeye angekaa na waumini wa kawaida, anaimba alto peke yake kati ya watu wanaoimba sauti ya kwanza vibaya.

Wiki hiyo hiyo, Seremala akaja dukani.

Huyu ndiye aliyetengeneza mabenchi yote ya kanisa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mabega mapana, vidole vyenye makovu. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma na watoto wake wawili walikuwa wameshakwenda kujitegemea. Alikuja kurekebisha mguu wa meza ya kukunjia karatasi. Akaurekebisha, akaitikisa meza, ikatulia. Lakini akaendelea kuitikisa, na Shangazi akajua kuna neno.

"Shangazi, mimi si mtu wa maneno mengi."

"Najua, fundi."

"Nimeomba miezi minne. Mungu amenionyesha wewe."

Shangazi aliinamisha macho kwenye karatasi zake. Sentensi hiyo alikuwa ameshaisikia mara mbili maishani. Mwanamume wa kwanza alionyeshwa yeye, na mwezi uliofuata akaonyeshwa binti mmoja wa sauti ya kwanza. Wa pili alionyeshwa yeye na wengine wawili kwa mpigo, akawaandikia barua zenye maneno yale yale, na kwenye ya Shangazi akasahau kubadilisha jina. Kwa hiyo hakuruka kwa furaha. Lakini Seremala hakuwa wa namna hiyo. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake, na mkewe alipougua alimbeba mgongoni kupanda ngazi za hospitali kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Kanisa zima lilijua.

"Usinijibu leo," alisema Seremala. "Jumapili ile ya kukaa kwa makundi nitaonana na Mchungaji. Ningependa niende na jibu."

Akaondoka na nyundo yake. Shangazi alibaki anaitazama meza. Ilikuwa imetulia kweli kweli.

Tuseme ukweli: Shangazi alikuwa mpweke. Si kila siku, ila alikuwa. Nguo zote alizonunua zilikuwa na zipu ya ubavuni, kwa sababu zipu ya mgongoni inahitaji mtu wa pili. Mwaka uliopita aliugua homa siku tatu, na siku ya pili, mchana mweupe, alitambaa kwenda jikoni kutafuta maji huku anasikia redio ya jirani ikicheka. Hakumwambia mtu. Wangesema, unaona sasa?

Lakini pia alikuwa na furaha, na hili ndilo watu hawakumwamini kabisa. Asubuhi alikaa dirishani na kikombe cha chai, hakuna anayemuuliza soksi ziko wapi, akaomba. Kila alipochapa kadi ya harusi alijiwekea moja kwenye boksi la viatu, zikapangwa kwa tarehe, na kila tarehe ilipofika aliwaombea wenyewe kwa majina. Maboksi sasa yalikuwa manne. Wengine walikuwa wameshaachana na hawakujua kwamba kuna mtu bado anawaombea pamoja. Wengine walimpita barabarani bila salamu. Hakujali. Hiyo ilikuwa kazi aliyoamini amepewa, na angekuwa na mume na watoto wanne wa kuvalisha sare, sijui angeifanya saa ngapi.

Jumapili iliyofuata Mchungaji alihubiri ndoa na useja. Alisema ndoa ni wito, kanisa likaitika amina ikatikisa mabati. Alisema useja nao ni karama, na kwamba hata mtume mkubwa hakuwa na mke. Waliitika watatu, mmoja wao akiwa ndiyo kwanza anazinduka usingizini. Baada ya ibada Mchungaji alimshika Shangazi mkono mlangoni, akamwambia kwa huruma, "Bwana akupe haja ya moyo wako." Hakuuliza ni haja gani.

Siku mbili baadaye dukani kulikuja kazi ya ratiba ya mazishi. Aliyefariki alikuwa mwalimu mstaafu, aliyewafundisha kusoma watu wa vizazi vitatu, Shangazi akiwemo. Shangazi alichapa wasifu wake: shule alizofundisha, yatima aliowasomesha. Mstari wa mwisho familia ilikuwa imeandika, "Marehemu hakubahatika kuolewa."

Kidole kilisimama juu ya kibodi. Kumbe ndivyo ilivyo, aliwaza. Ukiwa hai unaitwa bado. Ukifa, lugha inachoka kukusubiri, inaandika kwamba hukubahatika. Kati ya hapo na hapo hakuna neno.

Alitamani kuufuta mstari. Hakuufuta, kwa sababu ya sheria yake, na hakujisamehe. Jioni hiyo, akirudi nyumbani kwa miguu, alijiambia kwamba Seremala ni mtu mwema na yeye si msichana, na kwamba Jumapili atasema ndiyo. Alilisema mara kadhaa, na kila mara lilikuwa jepesi kidogo kulisema.

Fomu zilirudi Alhamisi, zimejaa sanduku la karatasi, ili aziingize kwenye kompyuta. Moja tu ilikuwa haijarudi na alijua iko wapi: kwenye mkoba wake, tupu.

Ilikuwa kazi ya kuburudisha. Bibi mmoja aliyefiwa na mume miaka kumi na miwili nyuma alikuwa ameweka vema kwenye Nimeolewa, akaandika pembeni, "amesafiri." Kijana mmoja wa miaka kumi na tisa aliweka kwenye Bado vema tatu, kama mtu anayepiga kelele. Fomu ya Seremala ilikuwa safi, herufi za kupima kwa rula. Vema kwenye Mgane, na mbele yake kwa penseli, ndogo sana: "hadi Jumapili." Shangazi alitabasamu. Kisha akaifunika fomu ile haraka, kwa sababu lilikuwa tabasamu la mtu aliyefurahishwa na utani tu, na alilijua.

Fomu ya mia mbili na kitu ilikuwa ya wifi yake, mke wa kaka. Mama wa watoto watatu, ndoa ya miaka kumi na tisa, mwekahazina wa Akina Mama. Hali ya ndoa: Bado.

Shangazi alicheka hadi mwenye duka akageuka. Haraka haraka za wifi! Akaikunja fomu ile, akaitia mkobani, na baada ya kazi akapitia kwao kumtania.

Wifi alikuwa sebuleni anapiga pasi, mashati ya kaka yametundikwa kwenye mgongo wa kila kiti. Watoto walikuwa hawajarudi.

"Wifi, leo umenimaliza," Shangazi alisema akimpa karatasi. "Tazama umeweka vema wapi. Miaka kumi na tisa na watoto watatu! Katibu atakutoa Akina Mama akupeleke kwa Vijana."

Wifi aliitazama, hakucheka.

"Sikukosea," alisema.

"Hukukosea nini? Umeweka Bado."

"Soma hapo juu. Pameandikwaje?"

"Hali ya ndoa."

"Sasa mtu akikuuliza hali ya mgonjwa, unamjibu alilazwa lini? Unamwambia hali yake. Nimeulizwa hali ya ndoa, nimejibu. Bado."

Shangazi alikaa, akaegemea shati, hakuona.

"Kaka yangu amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, na usiniitishie kikao cha ukoo. Hanipigi, halewi, anaombea chakula hata akiwa na njaa. Ila wifi, tangu mwaka uanze tumezungumza maji, umeme, sare za shule, na nani kafunga geti. Basi. Juzi Mchungaji aliposema wasimame waliofikisha miaka kumi na mitano, tukasimama, tukapigiwa makofi. Nikawa nawaza, huyu mtu niliyesimama naye, mara ya mwisho kumwona ilikuwa lini?"

"Unataka kuondoka?"

"Niende wapi na mimi nampenda?" Wifi aliiegemeza pasi. Macho yalikuwa yamejaa. "Ndiyo shida yenyewe. Ninyi mlio nje mnadhani mtu akiolewa kafika. Hakuna kufika. Mimi naolewa upya kila asubuhi, na kuna asubuhi bwana harusi hatokei. Wala sisemi ni vibaya. Nasema bado."

Shangazi alimhurumia, na chini ya huruma alihisi kitu kingine ambacho hakukipenda: nafuu. Miaka yote alidhani ameachwa nyuma na msafara, kumbe msafara wenyewe uko njiani.

"Kila tarehe kumi na mbili ya mwezi wenu wa harusi huwa nawaombea," alisema. "Kadi yenu iko kwenye boksi la kwanza."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

Wifi alishika pasi akaiweka juu ya shati, akasahau kuisogeza. "Basi na uombe kila mwezi," alisema, na harufu ya kuungua ikawafanya wote wawili waruke.

Shati lilipookolewa, na alama ya pasi ikakubalika kwamba itafichwa na koti, Wifi alimgeukia.

"Na wewe na Seremala? Usinifiche, mtaa mzima unajua."

"Ni mtu mwema."

"Hata Katibu ni mwema. Sikuuliza wema."

"Nimekaribia kumkubali, wifi."

"Kile kisanduku kisingekuwepo, ungekaribia?"

Shangazi alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuja hadi kwenye meno likakaa hapo hapo. Alilisukuma, likakataa.

Jumamosi mchana alikwenda karakana. Seremala alikuwa anapiga randa ubao mrefu, maranda yamemfika vifundoni. Alipomwona alifuta stuli kwa mkono, kisha akaifuta tena kwa shati lake. Shangazi hakukaa.

"Fundi, nikuulize kitu, na unijibu kama tuko mbele za Mungu. Unanitaka mimi, au unataka mtu ndani ya nyumba?"

Mwingine angeapa. Seremala alipitisha kidole kwenye ukingo wa ubao.

"Nikirudi nyumbani," alisema, "huwa napiga hodi. Nyumba yangu mwenyewe, ufunguo ninao mkononi, najua hakuna mtu. Napiga hodi, nasubiri kidogo, ndiyo nafungua." Akainua macho. "Nataka kuitikiwa, Shangazi. Nikafikiri ni nani anaweza kuniitikia vizuri, nikakuona wewe. Kama hiyo si kukutaka, basi sijui."

Ilikuwa kauli nzuri kuliko zote alizowahi kuambiwa na mwanamume, na ilimuuma kwa sababu hiyo. Kama angemdanganya ingekuwa rahisi.

"Mimi nilikuwa nimeshaamua kukubali," alisema. "Nilitaka kiti kwenye kundi lolote, na nilitaka nisiandikwe kwamba sikubahatika. Wewe ungekuwa umeoa mtu aliyekimbia karatasi. Ungepiga hodi, ningekuitikia, na siku moja ungejua naitika tu. Hustahili hivyo."

"Yaani bado hujawa tayari? Mimi nitasubiri."

Hapo ndipo ilipokuwa njia ya adabu, pana na imenyooka. Angesema "bado" tu. Angeondoka bila kumuumiza, na mtu huyu angesubiri mwaka, miwili, anapiga hodi.

"Hapana, fundi," alisema. "Si bado. Ni hapana. Naishi maisha ambayo ningeyachagua, ila sikuwahi kuulizwa."

Seremala alitikisa kichwa taratibu kukubali, mara nyingi kupita kiasi. Kisha akageuka akaendelea na randa, na Shangazi, ambaye hakujua lolote la mbao, aliona kwamba anapiga kinyume cha nyuzi, ubao unachanika. Alitaka kumwambia. Akaenda zake, na njia nzima alilia, kwa sababu kukataa mtu mwema si jambo la ushujaa, ni huzuni tu.

Jumapili, Katibu alikaa mlangoni na meza yake, orodha yake, kalamu zake mbili. Ndani mabenchi yalikuwa yamegeuzwa: Akina Mama kulia, Akina Baba katikati, Vijana kushoto. Foleni ilikwenda haraka hadi ilipofika kwa Shangazi.

"Yako sijaiona," alisema Katibu.

Shangazi alitoa fomu mkobani akampa. Jina lilikuwapo na tarehe zote. Visanduku vitano vilikuwa vitupu.

"Hujaweka alama."

"Sikuona pa kuweka."

Katibu alitazama foleni nyuma yake. Kaka na wifi walikuwa wa tatu, Wifi kamshika mumewe mkono kwa nguvu, kama anayemvusha barabara.

"Basi nikujazie mimi. Ni taratibu tu, usinielewe vibaya. Umeolewa?"

Lilikuwa swali lile lile, likiulizwa na mtu aliyelijua jibu. Shangazi alivuta pumzi kama anavyovuta kabla ya kuingia na alto.

"Hapana."

Kalamu ya bluu ilisimama hewani. "Yaani bado."

"Hapana, Katibu. Andika hapana."

"Hapana haina kisanduku."

"Kichore."

Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za kanisa lile, Katibu alisita kati ya kalamu zake mbili. Mwishowe akachukua nyekundu, akachora kisanduku cha sita baada ya Bado. Kilikuwa kimepinda. Shangazi aliona kimepinda, mkono ukamuwasha, akauacha.

"Na kundi?" aliuliza Katibu, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba msaada. "Vijana haiwezekani, Akina Mama haiwezekani. Nikuandike wapi?"

"Alto."

"Alto si kundi, Shangazi."

"Ndilo nililonalo."

Aliingia. Alikaa benchi la nyuma, mwisho kulia, karibu na ukuta. Seremala alikuwa mabenchi mawili mbele, kule katikati kwa Akina Baba, miwani ameiinamisha kwenye kitabu cha nyimbo, hakugeuka. Wimbo wa kwanza ulianza, na kule kushoto mabinti wa alto, bila kiongozi wao, walitafuta noti hapa na pale kama watu waliozimiwa taa. Shangazi aliwapa kutoka alipokaa, kwa sauti yote, juu ya vichwa vya kanisa zima. Wakaidaka. Mbele yake, kutoka kwa Akina Mama, alto nyingine zikaingia, na Shangazi aliitambua mojawapo kuwa ya wifi yake, ambayo miaka yote ilikuwa inachelewa nusu pigo na leo pia ilichelewa.

Jumatatu Katibu alileta daftari la waumini lichapwe. Akina Baba, majina kurasa tano. Akina Mama, kurasa saba. Vijana, kurasa nne. Na kwenye ukurasa wake peke yake, kwa wino mwekundu, kichwa cha nne: Alto. Chini yake jina moja.

Shangazi aliuchapa ukurasa ule, akausoma prufu mara mbili. Herufi zilikuwa sawa, na maana pia. Hakusahihisha kitu.